Mbele ya Kupanda Ngazi Yako

Bunia, Nyakasanza, tarehe 11 décembre 2025

Mudogo wangu Aimé,

Nakusalimia sana, weye na Lydie, Mama Elysée, na watoto wote. Natumaini hii barua inakukuta muzima, na ule mugongo uliokuwa unakusumbua umepata nafuu kidogo. Usishangae kwamba najua habari ya mugongo wako. Bibi yangu Valérie na Lydie wako wanaongea kwa telefone kila juma, siku ya posho, na nikipita karibu anashusha sauti, sawa vile mimi siko na masikio. Miaka ine sasa nakula habari zako kwa kuibia. Siye huku tuko wazima, Mungu anasaidia. Mvua imezidi, njia ya kwenda Djugu ni matope tupu, lakini maziwa inafika, na mutoto wetu Orly anamaliza shule mwaka huu.

Hii barua inakuja mukononi mwa Roger, kijana wa jirani anayerudi kwa masomo yake kule Montréal, yeye ataitia posta. Najua ukiona maandishi yangu utasema: huyu muzee anataka nini tena? Usiitupe. Soma mpaka chini. Ukitaka kukasirika, kasirika nyuma ya kusoma.

Maneno yenyewe ni hii: nakuja kwenu. Si kwenu nyumbani, sijasema vile bado, lakini katika muji wenu wa Québec. Kuna réunion ya siku kumi ya wafugaji na watu wa maziwa, itaanza tarehe 2 février, na chama yetu imenichagua mimi. Miaka makumi tatu nachoma ng'ombe sindano kuanzia Marabo mpaka Nizi, nanusa maziwa ya watu mbele ya kuipokea, njo leo wamenikumbuka! Ndege wanalipa wao. Kitu moja tu wameniachia nichague mwenyewe, pahali pa kulala.

Ee, Aimé, sikujua kwamba kuchagua kitanda kunaweza kuleta kelele katika nyumba ya mutu. Walituma formulaire yenye njia tatu. Ya kwanza ni oteli kubwa, ileile ya réunion. Orly alinionyesha foto zake, kitanda kama uwanja wa mupira, na chini kuna njia za ndani kwa ndani, mutu anaweza kumaliza siku kumi bila kutoa pua inje. Katsuva, yule muchuruzi wa boulevard aliyefika inchi ya Chine katika mwezi wa kwanza, alisema nichukue hiyo bila kufikiri mara mbili, sababu baridi inaingilia masikioni, na yeye masikio yake yaliimba mpaka Paska. Njia ya pili ni kulala kwa familia moja, bwana na bibi wazee waliokwisha kuacha kazi. Watu wazuri, wanacheka kwenye foto. Lakini katikati yao kuna imbwa kubwa imekaa juu ya kiti. Valérie akasema mutu mwenye kuogopa imbwa kama mimi atalala wima siku zote kumi.

Njia ya tatu iliandikwa hivi tu: kwa ndugu ao rafiki. Orly aliisoma kwa sauti. Valérie, mama yake, akaanza kukusanya masahani, na mimi nilikuwa sijamaliza kula.

Wananiambia baridi ya kule ni moins vingt-cinq, makumi mbili na tano chini ya zero. Mimi sijui moins vingt-cinq inafanana na nini. Baridi ninayoijua ni ile ya asubuhi ya Djugu, wakati Baba alitupeleka kukamua na jua bado. Unakumbuka? Miguu bila viatu, majani yamelowana, weye unalia kimyakimya ili Baba asisikie. Nilikufundisha kumusukuma ng'ombe aliyelala asimame, halafu tusimame palepale alipotoka, sababu udongo ulikuwa na joto bado. Pahali pa ng'ombe moja, miguu ine. Ulikuwa unakanyaga vidole vyangu na mimi sikusema kitu. Kumbe nilikuwa kaka muzuri zamani.

Bon. Nilichagua oteli. Nakuambia kweli, nilienda kwa Caleb, yule mwenye mashini ya kuandikia karibu na mairie, ofisi ya muji, nikamwambia aweke oteli. Caleb ni mutu wa kufuata karatasi musitari kwa musitari. Akaniuliza jina, nikamupa. Akaniuliza kazi, nikamupa. Kisha akasema formulaire inataka kujua kama niko na ndugu katika ule muji, na jina lake. Nikamujibu haraka: hapana. Akaandika, akatoa karatasi, akanipa nitie saini. Na pale niliiona kwa wino, chini ya jina langu: «Frère: aucun». Ndugu: hakuna.

Aimé, lile neno nilikwisha kulisema kwa mudomo wangu, na unajua siku gani. Nililisema siku ya kumaliza kilio ya Baba, mbele ya watu wote, nimesimama katikati ya kiwanja. Nilisema mutu asiyekuja kumuzika baba yake si ndugu yangu, na kwamba siku nitakapokanyaga nyumba yako, unifungie mulango. Mutu fulani akachukua ile maneno kwa telefone akakutumia, na mpaka leo sijui ni nani, na sitafuti tena. Kwa mudomo ilikuwa kama inapita na upepo. Lakini kuisoma kwenye karatasi, na saini yangu ikingojewa chini, aka! Mukono ulikataa. Nilimwambia Caleb nimesahau miwani nyumbani. Akaniangalia, miwani ilikuwa machoni pangu.

Nilirudi nyumbani na ile karatasi bila saini. Valérie alichukua telefone yake akaniwekea foto mbele, bila kusema ya nani. Nyumba ya matofali mekundu, étage ya tatu, juu kabisa, na ngazi ya chuma inapandia inje, imejikunja kama mukia wa nguruwe, theluji juu yake yote. Chini yake mutoto wako Elysée ameshika kipau cha kukusanyia theluji, anacheka. Nilisahau hasira nikauliza: ni akili gani ya kujenga ngazi inje katika inchi ya baridi vile? Valérie akasema, nenda umuulize mwenye nyumba.

Njo pale nikakumbuka sheria ya Baba, weye unaijua kunishinda. Maneno iingie mbele ya mufuko. Mutu mwenye neno na weye hapiti mulangoni na mufuko wake, neno linamalizwa inje kwanza, kisha analala. Unakumbuka baba mudogo Laurent alipotoka Nizi, na ile kesi yao ya ndama? Baba alimusimamisha kwenye lupango, pale kiwanjani, na mvua inanyesha, na yeye Baba mwenyewe akasimama inje pamoja naye. Walilowana wote wawili mpaka mifupa, wakaongea, wakamaliza, njo wakaingia kukunywa maziwa. Mimi na weye tuliwachungulia tukacheka.

Sasa nifanye namna gani? Siwezi kuingia kwako na neno tumboni, Baba atanitokea. Na siwezi kukusimamisha kwenye ile ngazi, kwa moins vingt-cinq, weye na mugongo wako, mimi nakuelezea na meno yanagongana. Tungekufa wote wawili mbele ya kufika katikati. Kwa hiyo naandika. Hii barua, uichukue kama ni mimi nimesimama mulangoni kwako. Sijaingia.

Pasteur aliniambia niache ya zamani, akanipa ile methali kwamba mavi ya kale hayanuki. Nilimujibu kwa heshima kwamba mimi ni mutu wa ng'ombe, na mavi ya kale ukiyakanyaga vizuri, yananuka sana. Acha niyakanyage.

Baba alilala kwangu wiki tatu mbele ya kufa. Nilimunawisha mimi. Nilimubeba mimi, nikamulisha uji kwa kijiko. Na asubuhi akifungua macho, jina la kwanza ni lako. Aimé amefika? Aimé amesema nini? Mimi niko pale na beseni mukononi, na yeye anauliza Aimé. Moyoni nilianza kukuchukia, mudogo wangu, nakuambia bila kuficha. Nilikuwa na wivu kama mutoto, na nilikuwa na miaka makumi tano na saba.

Siku ya tatu mbele ya kufa kwake ulipiga telefone. Ilikuwa saa sita ya muchana. Nilitoka nayo inje, karibu na pipa ya maji, nikakuambia Baba amelala, usimusumbue. Aimé, hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitandani, nimetoka kumuvalisha shati, na alisikia telefone. Niliporudi akauliza kama ni weye. Nikasema hapana, ni watu wa maziwa.

Basi, akaamini. Akaniambia: kama Aimé atapiga, umupe maneno yangu. Na akanifanya niyarudilie, vile alivyotufanya tulipokuwa watoto wa kutumwa, mpaka niyaseme bila kosa. Nikayarudilia mbele yake. Sikuyapeleka. Nimeyakalia miaka ine. Yachukue sasa, ni yako, sijaongeza wala kupunguza: «Aimé asikuje. Amalize kwanza makaratasi yake ya kukaa kule, wasimufungie mulango nyuma ya mugongo. Sina neno naye. Nimemubariki, yeye na bibi yake na watoto wake.»

Baba mwenyewe alikukataza kuja. Mimi nilijua. Na ni mimi niliyesimama mbele ya watu kukuhukumu kwamba hukuja. Hakuna mutu aliyenidanganya, hakuna shetani, ni mimi Josaphat. Nimekosa, Aimé. Nimekukosea weye, na nimemukosea Baba aliyekufa akifikiri hukupiga. Naomba unisamehe.

Neno lililosemwa mbele ya watu halirudishwi chumbani, kwa hiyo siku ya Mungu iliyopita niliwaita walewale katika kiwanja kilekile. Baba mudogo Laurent alikuja, pasteur, majirani, wote. Niliwaambia yote hii niliyokuandikia, nimesimama palepale. Orly alishika telefone nikamwambia achukue kila neno, lakini asikutumie mpaka weye mwenyewe uombe. Baba mudogo alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti. Tantine Hélène alilia, kisha akaniita mujinga mara tatu, kisha akapangusa macho na kuniuliza kama niko na koti ya kuendea kule. Kesho yake alinitafutia moja kwenye soko ya tombola, zile nguo zilizokwisha kuvaliwa. Ni ya mwanamuke, iko na manyoya mekundu shingoni. Nimekataa, amekataa kukataa kwangu.

Nilirudi kwa Caleb pia. Nimemufanya afute ile «aucun» na aandike jina lako. Pale pa kulala nimemwambia aache wazi kwanza. Mwisho wa kujibu ni tarehe 10 janvier, na oteli ingali na nafasi. Kwa hiyo usifanye kwa huruma. Ukiona moyo wako haujatulia, usinijibu kitu, mimi nitalala kwenye kile kitanda cha uwanja wa mupira, nitafanya réunion yangu, nitarudi, na sitasema neno mubaya juu yako mbele ya mutu yeyote. Uko na haki. Nilikuambia mwenyewe unifungie mulango.

Lakini ukinikubali, sihitaji kitanda kikubwa. Unipe tu kapahali kenye joto kidogo, hata kama vidole vyangu utavikanyaga. Nitakuletea fromage ya maziwa ya kwetu, imekauka vizuri, Lydie aitafutie sufuria. Na nitamufundisha Elysée kupiga mbinja kwa vidole viwili, sababu weye hukuiweza hata siku moja.

Tantine Hélène anakusalimia, baba mudogo anakusalimia. Valérie anamusalimia Lydie na kumuomba asijifanye hakujua kitu. Orly anauliza kama theluji inaliwa. Mungu alinde nyumba yako na mugongo wako.

Sikuombi jibu la maneno mingi, najua maneno itakuwa nzito. Ukisha kusoma, toka inje kidogo, uvae vizuri, uhesabu vikanyagio vya ile ngazi yako kuanzia chini mpaka mulangoni. Nitumie hesabu tu. Nijue ni ngapi nitapanda.

Ni mimi, kaka yako,

Josaphat