Magneto ya Baba

Tingi, Kilwa
2 Septemba 1993

Mpendwa kaka Severini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Consolata na watoto. Sisi huku ni wazima, ila mimi nina hasira, basi usitegemee maneno matamu.

Unajua pikipiki ndiyo miguu ya baba. Bila hiyo hafiki shambani Kikole, na tangu ilipogoma alikuwa akishinda barazani, chakula anakiangalia tu. Alipokukabidhi magneto yake mbovu, kile kifaa cha kutoa cheche, uipeleke Dar es Salaam kama sampuli, alikuomba jambo moja: upate ya asili kama hiyo. Ukatuletea kitu kinang'aa ndani ya boksi zuri. Fundi Jafari akaifunga, pikipiki ikakohoa mpaka kisimani, ikazima. Alipoifungua alituambia ni ya mashine ya kusukuma maji, imebandikwa karatasi mpya. Baba akasema maskini umetapeliwa, kwani tangu biashara ziachiwe huru maduka yamejaa takataka. Alikuonea huruma, Severini!

Wiki iliyopita nilikwenda Kilwa Masoko kuulizia nyingine. Nikamkuta mnunuzi wa pikipiki za zamani, katoka huko kwenu. Mezani kwake ilikuwapo magneto ya baba, imesukwa waya upya, na ile herufi L aliyoichora kwa msumari bado ipo. Nilipomuuliza ameipata wapi, alisema bila wasiwasi kwamba wewe ndiye uliyemuuzia, tena ukamwelekeza kwetu, kwa kuwa pikipiki isiyo na magneto mzee ataitoa kwa bei ya chuma chakavu. Huna haya! Baba yako mzazi!

Sasa nikiri langu. Yale mabati yako ishirini, uliyotuachia tukutunzie mpaka utakapojenga, nimempa huyo bwana yote, naye akanipa magneto. Sikukuuliza, na msamaha siombi.

Baba hajui lolote. Nilimwambia wewe ndiye uliyehangaika duka kwa duka mpaka ukapata fundi wa kuisuka upya ile yake, ukaituma. Sasa anapita na pikipiki nyumba hadi nyumba akikusifu, na Krismasi atachinja mbuzi akushukuru mbele ya majirani.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie wifi na watoto, wala usiwasomee haya. Na Krismasi uje, usikose, uile nyama hiyo huku baba anakutazama.

Ni mimi mdogo wako,
Fortunata Likwata