Jina ya Kuombea Siku ya Ijumaa

Bungulu, Beni

Mudogo wangu Kahindo, amani ikukute wewe na batoto kule Butembo.

Miye situlii. Mutoto wangu Idrisa ndiye imamu ku musikiti hapa, na sauti kama yake hapana katika Beni yote! Kila Ijumaa anaombea mukubwa wa inchi. Lakini juzi baasi, bale banaopigana na serikali, ndio balitawala, leo ni basoda ba serikali. Mutu mumoja alitaja jina ya baasi ku soko, bakamukamata. Idrisa akaniuliza: "Mama, nitataja nani?"

Nikauliza muzee Muyahudi anayeuzisha vitambaa. Babu yake alikuwa haham, mukubwa wa dini ya Bayahudi, kwa sultani wa Baturuki. Akacheka: "Mama Idrisa, masultani bakigombana, babu aliombea 'mwenye kukalia kiti'. Jina, hapana."

Mutoto wangu alimupita haham! Ijumaa iliyopita, basoda bakiwa ku mulango ya musikiti, aliombea bamama ya kila mutu anayebeba bunduki. Basoda bote bakaitika: Amina!

Lakini kesho ni Ijumaa ingine, na kamioni, malori ya basoda, zinatoka mujini; labda baasi batarudi. Kahindo, umuombee ku misa ya kwenu Bakristo. Wewe taja Idrisa kwa nguvu, jina yake hapana hatari.

Yaya yako, dada mukubwa anayekupenda,
Mama Idrisa