Friji ya Dawa za Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Virginia,

Kabla hata sijakusalimu naomba unisaidie, na unisaidie upesi, kwa sababu Jumamosi hii tumepanga kwenda mjini kununua friji mpya na mimi nimekosa raha kabisa, chakula hakipandi, kazini naitwa jina langu naitika la mwingine.

Naitwa Kavutha, tunaishi Uthiru. Mimi niko mapokezi kwenye ofisi moja huko Westlands, mume wangu Zadock hufunga madirisha ya aluminiamu kwenye majengo, watoto, Jeremy na wadogo zake, wako shule hadi jioni, na tangu mwaka huu uanze mama yake Zadock anakaa nasi, maana sukari ilimpanda akiwa nyumbani Siaya na madaktari wakasema sasa ni lazima adungwe insulini asubuhi na jioni. Kumdunga na kuzitunza hizo chupa za dawa ni kazi yangu, Shangazi, na chupa zinakaa kwenye friji, na friji ndiyo inayotaka kunitoa roho.

Friji yenyewe niliinunua kabla sijaolewa. Iko sebuleni kwa sababu jikoni kwetu ukiingiza friji itabidi wewe utoke, nimeisukuma vizuri pale kwenye kona na kuivalisha vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na miaka yote haikuwahi kunisumbua, lakini tangu mama aje imegeuka. Nikirudi jioni naifungua napata maziwa yana uvuguvugu na maji yamechuruzika chini, na yenyewe inanguruma kama kawaida. Basi nazungusha kile kidude cha baridi hadi namba ya mwisho, na kukicha kila kitu ni barafu, hata chupa za mama nimezikuta zimeganda si mara moja, nikashukuru Mungu kwamba angalau usiku dawa ilipata baridi ya kutosha, nikaziyeyusha viganjani nikamdunga. Kinachonishangaza ni kwamba Jumamosi na Jumapili nikiwa nyumbani friji haina neno. Fundi alikuja Jumamosi moja, akaifungua, akaisikiliza, akaniambia, "Mama Jeremy, hii friji haina shida, si hata wewe unaona?" Nilimwona mwongo tu.

Wiki iliyopita mama alizidiwa. Alikuwa anakunywa maji na kiu haikatiki, macho hayaoni vizuri, tukamkimbiza hospitali tukaambiwa sukari iko juu sana, na daktari akaniuliza mbele ya watu, "Hii dawa mnaweka wapi?" Nikasema kwenye friji, akaandika. Wifi yangu Ajwang, anayeishi Jamhuri, alikuwa pale pale kwenye benchi, akasema, "Kavutha, kama mathe amekushinda, sema nimchukue. Usimuue polepole." Shangazi, tangu siku hiyo nikimwona mama amesinzia kwenye kiti nasimama kwanza nihakikishe anapumua.

Mama mwenyewe hana ubaya na mtu. Ukimpa chai anauliza kama watoto wamekunywa. Sisi tukishatoka asubuhi hupita nyumba nzima akizima taa na soketi tulizosahau, kwa sababu anajua tokeni za stima zinavyoisha haraka, na mimi humsifu hata kwa majirani kwamba wangepata mkwe kama huyo. Lakini juzi alimwambia Zadock kwa Kijaluo, naye akanitafsiria, kwamba tumrudishe Siaya kwa sababu yeye sasa ni mtu wa kumaliza vitu vya wengine. Niliingia jikoni nikalia.

Sasa ninunue friji gani? Nimezunguka Luthuli Avenue duka baada ya duka mpaka nimechanganyikiwa zaidi. Mmoja ananiambia, "Madam, chukua hii ya milango mbili, haishiki barafu, iko na maji hapa mbele, hii haisumbuangi kabisa." Wa duka la pili anacheka, "Hiyo ikiharibika utalia, chukua hii ya mlango moja, spea zake ziko kila mahali." Zadock anataka ya mtumba kutoka ng'ambo, eti zile ndizo ngumu. Ajwang anataka ile kubwa kabisa ili watu wakija waone mama anatunzwa. Mimi naogopa kwamba nikikosea kuchagua, mama atafia mikononi mwangu na ukoo mzima utasema ni mke wa Zadock. Niambie ya kununua, Shangazi, nitainunua hiyo hiyo.

Ni mimi Kavutha, Uthiru.

*

Kavutha mwanangu,

Pole, na ninasema pole nikiwa na maana. Si kila mke wa mwana anayeshika sindano asubuhi na jioni. Lakini barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakuhurumia, nikaisoma mara ya pili nikatamani kukuvuta sikio, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Dawa kwanza. Hizo chupa zilizoganda usimdunge mama tena, hata tone. Insulini si nyama, mwanangu. Ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana safi namna gani, na hilo la kuziyeyusha viganjani ukimshukuru Mungu lilinifanya niweke barua mezani nisimame kidogo. Wala usiache kumdunga ukingoja Jumamosi. Leo hii beba chupa zote, nenda nazo kliniki, waambie waziwazi kwamba ziliganda, wakupe nyingine na wampime mama. Daktari alikuuliza mnaweka wapi, ukajibu nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo aliyokuwa anaitafuta.

Sasa tuje kwa hiyo friji yako inayougua siku za kazi na kupona wikendi. Umeona wapi mashine inayojua leo ni Jumatatu? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mkitoka asubuhi mama hupita akizima soketi, ukampa na sifa juu yake. Unadhani soketi ya friji huiruka? Mimi sikuwepo, siwezi kuapa, lakini omba ruhusa siku moja uingie nyumbani mchana bila kutangaza, uguse hiyo swichi. Nadhani utaikuta imezimwa, na mkikaribia kurudi anaiwasha, ndiyo maana ukifika inanguruma. Mchana friji inapata joto, jioni wewe unapaniki unaikaza hadi mwisho, usiku inagandisha kila kitu. Mama akizima na wewe ukikaza, hakuna friji duniani itakayowaweza nyinyi wawili. Na yule fundi ukikutana naye, mwombe radhi.

Bado unataka friji mpya? Kama ya zamani imechoka kweli, nunua, sikukatazi. Nunua ya ukubwa wa kati, ya kawaida, isiyo na mbwembwe za maji mlangoni na taa za rangi, maana kila kidude cha ziada ni kidude cha kuharibika. Usimuulize muuzaji kama inasumbua, hakuna muuzaji aliyewahi kusema ndiyo. Muulize ikiharibika nampigia nani hapa Nairobi, na spea zinapatikana duka gani, na waranti iandikwe na kupigwa muhuri ukiwa umesimama pale. Fungua mlango ubane karatasi kwenye ile raba. Karatasi ikichomoka kama imetiwa mafuta, hiyo friji iache. Ya mtumba ni ya kuwekea soda, Zadock aniwie radhi, dawa ya mzazi haiwekwi kwenye mashine ambayo hujui ilikotoka wala ilikopitia. Hiyo mpya isafirishwe imesimama, na hata ikifika ipumzike saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Ivute mbali kidogo na ukuta, na hivyo vitambaa, najua vimekuchosha kufuma, viweke kwenye makochi, maana friji hutoa joto na wewe umeifunika kama maiti. Stima ya kwetu unaijua inavyoruka, kwa hiyo nunua na kile kidude cha kuikinga kinachochomekwa kwenye soketi. Nunua pia kipimajoto kidogo cha friji, ukiweke karibu na chupa za mama: kisome kati ya nyuzi mbili na nane, chini ya hapo unagandisha, juu ya hapo unaharibu. Chupa zikae rafu ya katikati, mbali na friza na mbali na mlango. Kidude cha baridi ukishakipatia, kiache. Ukihisi mkono unakuwasha, shika ufagio.

Ajwang mpigie wewe, kabla hajasikia kwa wengine. Alikuumiza, lakini alikuwa na hofu ya mtoto kwa mzazi wake. Mwambie yote, na huo ubishi wa ukubwa wa friji utaisha.

Nimeacha mama mwisho kwa sababu yeye ndiye mzito. Kavutha, huyu mzee anazima friji yenye dawa yake mwenyewe ili asiwamalizie stima. Hajui, hakuna aliyekaa naye akamweleza kwamba zile chupa zinataka baridi mchana na usiku. Nyinyi mnampenda mkiwa mmenyamaza, na yeye anajiona mzigo akiwa amenyamaza. Usije ukabandika selotepu kwenye swichi kana kwamba ni mtoto. Usimtume Jeremy. Zadock arudi mapema, mkae naye watatu, aelezwe kwa lugha yake.

Na uanze wewe. Mwambie umekuwa ukigandisha dawa yake kwa kutojua, na ilimwumiza. Ukishakiri lako, hata likija lake hataona haya peke yake. Kisha mwambie kwa mdomo wako, hata Kiswahili kikikupotea, kwamba hutaki arudi Siaya, na kwamba stima inayoiendesha hiyo friji inanunuliwa kwa sababu yuko hapo.

Friji inaweza kungoja Jumamosi. Hayo mwambie leo.