Demo Iliyofutika Vudee

Jumatatu, 9 Machi 2026
Leo asubuhi chama cha tangawizi cha Vudee kimepoteza kumbukumbu za mizani za wakulima 86, msimu mzima. Na mkosaji, wanasema, ni mimi!
Niliwapa demo. DEMO! Niliwawekea kwa flashi, inafunguka ndani ya brauza kwenye kompyuta yao, intaneti haihitaji. Ya kujaribu wiki moja, wakiipenda wanunue programu yenyewe. Wameng'ang'ania hiyo hiyo tangu Novemba, na daftari wakaliacha. Kila nikipiga simu, mwenyekiti, Mzee Asheri: "Mwanangu, bado tunaonja." Sufuria nzima?

Jumanne, 10 Machi
Nimepanda Vudee kwa bodaboda. Shikamoo, marahaba, chai – kisha lawama.
Kwenye demo niliweka wanachama kumi wa mfano, majina ya kutunga. Hawakuwatoa! Mmoja, Eliufoo, kamati ilimpiga faini kwa kukosa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Mara tatu!
"Ana dharau sana huyo," Mzee Asheri kasema.
Nikamwambia nimemtunga mimi.
"Basi faini utalipa wewe."

Jumatano, 11 Machi
Katibu wao, Victoria, kanipigia. Sauti ya chini.
Niliwaonya siku ya kwanza: demo inatunza kila kitu ndani ya brauza, ukifuta historia ya brauza, vyote vimekwenda. Sasa juzi mchungaji alikuja kuazima kompyuta, aandike ratiba ya sikukuu ya mavuno. Mzee Asheri akaomba kwanza dakika chache peke yake na kompyuta. Akafunga mlango.
"Dada, sijui alikuwa anaangalia nini humo," Victoria kasema, "ila alitoka kalowa jasho. Na baridi hii ya Vudee!"
Nimecheka. Kisha kapiga Godwin, wa chama cha kahawa Ugweno. Wamesikia programu yangu inakula mizigo ya watu. Kesho kutwa saa tano kamati yao inaamua. Mteja pekee aliyekuja kununua, siyo kuonja!

Alhamisi, 12 Machi
Nimempigia Mzee Asheri. Heshima zote. Eti mambo ya kompyuta anayajua Mungu. Mzee wa kanisa! Alichoangalia sitaki kujua, ni chake. Lakini jina langu nimelijenga mwenyewe, kwa kujifunza kwenye kibanda cha intaneti hapa Same, nikilipia kwa nusu saa. Halifutwi na mtu aliyejifungia mlango.
Nimemtumia meseji. Tiki za buluu. "Anaandika…" Kaacha. "Anaandika…" Kaacha tena. Nimeongeza ya pili:
"Mzee, maelezo sihitaji. Jumatatu, kabla mchungaji hajakaa, ulifuta historia au hukufuta? Ndiyo au siyo. Kesho kabla ya saa nne asubuhi. Ikigonga saa nne kimya, nampa Godwin namba ya mchungaji, amuulize nani alijifungia na kompyuta siku hiyo."