Yule Mwanamke wa Kwenye Paketi

Mtaa wa Huaraz, Breña,
Lima.
17 Oktoba 2021

Mpendwa mdogo wangu Zoraida,

Pokea salamu zangu zenye harufu ya karafuu na mdalasini, maana nakuandikia huku sufuria iko motoni. Hujambo huko Turin? Magoti yanaendeleaje na hiyo baridi? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Ukungu umeshuka hadi madirishani, na watu wamevaa zambarau kwa mwezi wa sikukuu ya Bwana wa Miujiza, Yesu wetu wa hapa Lima. Siku nyingine naona kama mji mzima unaelea.

Nina jambo la kukusimulia. Kampuni ya unga wa mazamora, huu uji wetu wa mahindi ya zambarau, imemwondoa yule mwanamke mweusi kwenye paketi, yule mwenye kilemba, hereni kubwa na meno yote nje. Wamesema picha ile ilitudhalilisha sisi watu weusi. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Si unajua toroli langu limechorwa sura yake tangu enzi za mama, na wateja hawaniiti ila "Wa Paketi". Nikiifuta, nani atasimama kununua uji wangu?

Basi nikamwota. Alitoka kwenye paketi polepole, akaketi jikoni kwangu, akafungua kilemba, akaomba maji. Alisema mashavu yanamuuma kwa kucheka miaka yote hiyo. Nikataka kumwita, nikakosa jina la kumwita. Nikampa maji, mvuke wa zambarau ukipita kati yetu, na sikutamani kuamka.

Kulipokucha nikamwambia binti yangu Maylín alete rangi nyeupe.

"Mama, tukimfuta watu watatujuaje?"

"Kwa uji wetu!" Nilijibu kwa ujasiri, nikachovya brashi.

Jana nikasukuma toroli jeupe tupu hadi kona ya kanisa, kichwa wazi, bila kile kilemba nilichozoea kuvaa kama yeye. Watu wakapita, wakapita. Uji ukaanza kushika ngozi. Mwishowe akaja Bwana Eleuterio, dereva wa teksi, anayekula kwangu tangu alipokuwa na nywele.

"Nipe bakuli, Wa Pa..." Akakwama, macho kwenye toroli. "Sasa tukuite nani?"

"Kwani mimi naitwa nani?"

Akakuna upara. Zoraida, mtu huyu alilia mbele yangu ndoa yake ilipovunjika. Nawajua hadi mashemeji zake!

"Mama wee, sijui. Aibu yangu."

"Basi leo huli mpaka ulijue jina langu."

Watu wakaanza kujipanga nyuma yake, wakicheka. "Mwambie bwana, tuna njaa!"

"Eudocia Farfán," nikasema. Lilisikika geni masikioni mwangu, kama jina la mtu niliyempenda zamani.

Akalirudia taratibu. Wa nyuma yake naye akalirudia, na kila aliyefika na bakuli. Nililia juu ya sufuria, Mungu anisamehe, na hakuna aliyelalamikia chumvi.

Msalimie mumeo Renzo, umbusu mwanenu Fiorella mashavu yote mawili. Maylín anakuamkia. Bwana wa Miujiza akufunike kwa joho lake, usiku na mchana.

Na yule bibi unayemtunza, uliyeniandikia kwamba mwaka wa nne huu anakuita "mweusi wangu" tu: kesho, kabla hujampa supu, mwambie unaitwa Zoraida.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Eudocia