Picha Haikuonyesha Kitu

Nairobi, Jumapili baada ya misa

Kwa kaka yangu mpendwa Sylvain Hakorimana, Kashebere,

Salamu nyingi kaka, wewe na Mama Rosalie na watoto wote. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko juu? Na mvua imewaachia mihogo? Sisi tuko wazima, na safari hii ninaposema tuko wazima sisemi kwa adabu tu. Kwa simu sauti yako inakatika kila ninapofika penye maana, basi Mama Thacienne, anayerudi kesho na bidhaa zake, atakupa barua hii mkononi.

Habari ya kwanza ni kwamba Estelle amenigombeza. Juzi nilipika maharagi kwa haraka, akaonja, akasukuma sahani akasema, "Mama, hii maharagi haiyaiva." Nilitoka nje nikalia kwa furaha hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa. Wewe unamjua mpwa wako. Karibu miaka miwili alikula ulichomwekea au hakula kabisa, kwake ilikuwa mamoja. Sasa binti wa miaka kumi na sita anajua tena kwamba mama yake ni mpishi mbaya.

Unakumbuka dawa za Goma hazikumwinua, za kwanza wala za pili, wala mazungumzo na yule sista. Ndipo daktari wa Goma akatuunganisha na hospitali ya hapa, inayofanya utafiti juu ya vijana ambao huzuni yao imeshinda dawa, na wao wakalipia kila kitu. Lakini kabla ya Nairobi kulikuwa na ile asubuhi ya ingobyi, machela yetu ya miti, na bado inanichoma. Kilimani kwetu kila nyumba hutoa mwanaume wa kubeba mgonjwa mpaka barabarani, na hakuna anayekataa, hata kama mgonjwa ni wa adui yake. Wabebaji walipomkuta Estelle hana damu, hana homa, amelala tu akitazama ukuta, walisema ana miguu miwili, atembee kama wenzake. Ni wewe, mkubwa wa kikundi chao, uliyewaambia, "Muntu mwenye anashindwa kuamuka mu kitanda, njo mugonjwa. Mubebe." Wakambeba, huku wakinung'unika njia nzima. Nimesikia baadaye walikuvua ukubwa huo kwa sababu uliwabebesha mvivu.

Sasa ujue ujinga wangu. Daktari wa hapa, mama mpole anayecheka Kiswahili chetu nami ninacheka chake, alisema watampiga picha ya ubongo. Walimvua hereni na medali ya Bikira Maria, kwa sababu ile mashine inavuta chuma, wakamwingiza ndani ya bomba lenye kelele za kutisha. Mimi nje nilisali, kaka, na sikusali kama mama. Nilimwomba Mungu picha ionyeshe kitu kibaya. Nilitaka doa, kidonda, chochote cha kuwapelekea wale wanaume niwaambie: tazameni, huu ndio uvivu mliobeba.

Daktari akaja akitabasamu, akasema picha ni safi, hakuna uvimbe, hakuna kidonda. Nilirudi chumbani nikaanza kufunga mizigo. Nilijua wametukamata: tumevuka mipaka kuleta mtoto mzima, na kesho watatufukuza. Daktari alinikuta nimekaa juu ya sanduku. Akanieleza kwa upole kwamba ugonjwa huu hauonekani kwenye picha kama mfupa uliovunjika, na hakuna aliyetegemea kuuona. Picha ilikuwa ya kuwaongoza tu, wajue mahali hasa pa kugusa kwenye kichwa cha Estelle, maana vichwa havifanani. Nilifungua mizigo. Ukicheka hapo sitakulaumu.

Tiba yenyewe haina kisu wala sindano. Anakaa kwenye kiti, yuko macho, wanamwekea kichwani kitu kama sahani nene chenye nguvu ya sumaku, kinagonga tak-tak-tak kama ndege anayetoboa mti. Siku za mwanzo kichwa kilimuuma, na wiki zikapita bila mabadiliko. Nilianza kukata tamaa. Kisha asubuhi moja nikamkuta amejiosha nywele. Baadaye akauliza habari za baba yake kule Rubaya. Daktari ametuonya kwamba si kila kijana anapona hivi, na huzuni inaweza kurudi, kwa hiyo dawa na mazungumzo vinaendelea. Nimesikia. Ila kaka, nimepumua.

Na sasa lile lililonifanya niandike. Jana, tukisuka nywele, Estelle aliniambia jambo na akakubali nikuambie, wewe peke yako. Asubuhi ile ya ingobyi alikuwa ameamua kufa. Alikuwa anangoja tu nimwache peke yake. Hakuamini safari ya Nairobi, aliona ni kunisumbua zaidi. Akiwa amelala hivyo akawasikia wanaume wakibishana uani kama yeye ni mgonjwa au mvivu, kisha akasikia sauti yako. Akaniambia: "Nilikuwa najua tu niko mutu mubaya. Mujomba njo alisema niko mugonjwa. Nikasema, kama ni bugonjwa, basi ningoje."

Kwa hiyo wakikucheka kilabuni, waache wacheke. Usiwaambie kitu, siri hii ni ya mtoto. Lakini sikuweza kukuacha ukidhani ulipoteza ukubwa wako kwa ajili ya mvivu. Mimi sina neno la kukushukuru, nimelitafuta tangu jana.

Nisalimie wote nyumbani, na umwambie Mama Rosalie nitamletea kitenge. Mungu awalinde huko juu, na barabara iwe tulivu hadi tutakapoonana.

Estelle anauliza maharagi ya msimu huu yatavunwa lini. Anataka awepo.

Dada yako akupendaye,
Emérita Uwamwezi