Sentensi Isiyo na Kitenzi

4 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima huko uliko. Mimi ni mzima, ila miguu huchoka kabla ya mwili. Mama yako hali chakula. Tangu atoke hospitali hupokea sahani, hushukuru, kisha huisogeza pembeni kwa adabu. Nimepika uji, ukaungua. Nimepika viazi, vikabaki vigumu katikati. Daktari amesema akiendelea hivi atarudishwa wodini, naye hataki hata kulisikia neno hilo.

Nieleze chakula rahisi, ambacho mzee aliyefundisha sarufi maisha yake yote anaweza kukipika bila kuita jirani. Uandike kwa utulivu. Barua yako iliyopita ilijaa makosa.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama ameamkaje? Mimi nipo, nimechoka tu. Leo nimepiga pasi mashuka ya hoteli nzima, mkono unatetemeka, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Mwenzangu wa chumbani, anayetoka Asia, hutupikia hiki tukirudi hatujiwezi. Hakina kazi kubwa.

Chemsha tambi, zichuje. Karanga vitunguu na tangawizi kwenye mafuta kidogo. Tia sosi ya soya na kijiko cha sukari, kamua ndimu, changanya na tambi. Zina chumvi, zina utamu, zinaamsha ulimi.

Ruhusa ya kuja nyumbani sijapata. Msimamizi anasema nikiondoka nisirudi.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pumzisha huo mkono.

Sentensi yako ya pili ya mapishi haina kitenzi, na umesahau mkato baada ya neno “karanga”. Nimeutia kwa kalamu nyekundu. Wala hukusema karanga zitengenezwe vipi. Uzembe ni ule ule. Nilizitwanga, nikazimimina kwenye mafuta pamoja na vitunguu na tangawizi. Zikashikana kama udongo. Nikatia sosi, sukari na ndimu. Rangi haikunipendeza.

Mama yako alionja, akaitazama sahani. Nilidhani ameudhika. Akasema, “Mwalimu, mbona umesimama kama unasimamia mtihani? Ongeza.”

Nilirudi jikoni nikakaa kidogo. Moshi ulikuwa mwingi.

Sasa hataki kingine, na mabega yananiuma kwa kutwanga. Je, karanga zinaweza kupunguzwa?

Baba yako

21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Poleni na uchovu, wewe na mama.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la mashuka. Nilicheka mpaka wenzangu wakadhani nalia. Baadaye wakawa hawajakosea.

Kitenzi kilikuwepo, Baba. Nilitaka kuandika “kaanga”. Chakula hiki hakina karanga hata moja. Usitwange tena, utaumia bure.

Naomba unisahihishe.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, kosa nimeliona. Nilipika bila karanga, kama ulivyokusudia. Mama yako alionja, akaweka kijiko chini, akauliza, “Hizi umepikiwa na nani?”

Nimerudi kwenye kinu. Mabega yatazoea. Daktari amemtazama, akasema abaki nyumbani.

Barua yako ya Machi nimeibandika ukutani, juu ya jiko. Mkato wangu nimeuacha palepale.

Ukipata ruhusa, njoo. Usipoipata, andika, hata ukiwa umechoka. Mama yako anauliza utakosea lini tena.

Baba yako